Elijah Masinde na Siku ya Hukumu

Kiyama tulichosomeshwa chuoni ni cha walimwengu wote. Elijah Masinde wa Kimilili, Bungoma, mwanakandanda aliyelelewa na wamisheni wa Kikristo kisha akaanzisha Dini ya Msambwa, alitangaza hukumu ya karibu zaidi: Mungu atawaondoa Wazungu. Vibarua wa mashamba ya walowezi huko Kitale wakamwitikia. Serikali ikamtia Mathari, hospitali ya wendawazimu. Mimi sioni wazimu katika kudai ardhi. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake Malakisi, wakafa 11, naye akaletwa kwetu Lamu kifungoni. Utawala wa Wazungu uliondoka mwaka 1963. Mwaka 1968 serikali ya Waafrika wenziwe ikaipiga marufuku dini yake, naye akafungwa tena. Alifariki mwaka 1987.