Mama Lena Richard na sahani ya gumbo

Wasomaji wetu, leo tunawaletea maisha ya mama mmoja mweusi wa Marekani, Lena Richard. Pengine jina lake ni geni kwetu, lakini chakula kilichomjulisha kinabeba jina la mboga yetu ya kila siku: gombo.

Lena alizaliwa mwaka wa 1892 kule New Roads, muji mdogo wa jimbo la Louisiana. Angali mtoto, jamaa yake wakahamia New Orleans. Mama yake alikuwa anapika kwa familia Vairin, wazungu wenye mali, na Lena alipofika miaka 14 akaanza kumsaidia. Madame Vairin aliona ule mtoto ana mkono wa kupika. Akamtuma mbali, Boston, katika shule ya mapishi ya Fannie Farmer. Alimaliza mwaka wa 1918.

Kule Boston aliona kwamba mafundisho hayakumshinda hata kidogo. Lakini alipowapikia wenzake gumbo ya kwao, wote wakashika kalamu na kuandika. Njo pale alifahamu kwamba ufundi wa mama zake una bei.

Gumbo ni kitu gani? Ni mchuzi mzito. Unga unakaangwa katika mafuta mpaka unageuka rangi ya kahawia, halafu kitunguu na pilipili tamu, kisha kamba, kaa, kuku ao soseji. Wengi wanatia gombo ili uvutike, na unaliwa na wali. Jina lenyewe lilitoka kwetu Afrika: ki-ngombo, kama wanavyoita gombo kule Angola. Watu waliouzwa utumwani walifika bila kitu mkononi, lakini neno hawakunyang'anywa. Watu wa muji wanaipika kwa namna ya Kreole. Vijijini kuko namna ya Cajun, ya wajukuu wa Wafaransa waliofukuzwa Acadia, kule Canada, kuanzia mwaka wa 1755.

Siku zile vitabu vingi vya chakula cha Kreole viliandikwa na wazungu. Weusi waliosimama mbele ya moto hawakutajwa jina. Mama Lena hakukubali. Mwaka wa 1937 alifungua shule ya mapishi kwa vijana weusi, ili wajue kazi kabisa na waweze kudai mshahara mzuri. Mwaka wa 1939 alitoa kitabu chake mwenyewe, chenye mapishi zaidi ya 300, kila kitu kimepimwa. Yeye alisema, binti yake Marie akaandika. Mwaka uliofuata nyumba kubwa ya vitabu, Houghton Mifflin, ilikichapa tena. Lakini jina lake, lililokuwa katika kichwa cha kitabu, likatolewa pale, na mahali pake pakawekwa jina la muji.

Alipika katika hoteli ya Garrison, jimbo la New York, halafu Williamsburg, kule Virginia. Aliporudi alianza kugandisha chakula kilichopikwa na kukipeleka mbali. Mwaka wa 1949 akafungua mkahawa, Gumbo House, na mwaka uleule akaingia katika televisheni ya New Orleans, mara mbili kwa juma. Fikirini: sheria za Louisiana zilitenga weusi na wazungu, hata shuleni, na huyu mama mweusi anaingia katika nyumba za wazungu kama mwalimu!

Furaha ile haikudumu. Alikufa ghafula mwezi wa Novemba 1950. Binti yake akaendelea na mkahawa kwa miaka kadhaa.

Sisi tunaona kazi yake kubwa haikuwa sahani tu. Mpishi akifa bila kuandika, ufundi wake unabaki mkononi mwa mwingine, na jina linapotea. Mama Lena aliandika, akafundisha, akatia jina lake. Basi, siku gombo iko mezani, tumkumbuke.