Kerry Packer: Mdosi Aliyeuza Stesheni ya TV kwa Bilioni, Kisha Akairudisha kwa Bei ya Kutupa

Ukiskia mtu ameuza stesheni ya TV kwa zaidi ya dola bilioni moja za Australia, alafu baada ya miaka mitatu ameirudisha kwa kipande tu cha hiyo doo, jua ni Kerry Packer anaongelewa. Jamaa huyu wa Sydney alifariki 26 Desemba 2005 akiwa na miaka 68, na ndiye alikuwa tajiri namba moja Australia. Cha kushangaza, kwao hakuna aliyemtarajia kufika hapo.

Mtoto asiyetarajiwa

Kerry alizaliwa 1937. Buda yake, Sir Frank Packer, alikuwa mdosi wa magazeti, majarida na baadaye stesheni ya Nine. Kerry akiwa mtoi alishikwa na polio mbaya, akalala miezi ndani ya mashine ya kupumulia. Shuleni nako alisota, herufi zilikuwa zinamchanganya. Mzee alimwona kichwa maji na hakuficha.

Mrithi alikuwa brathake mkubwa, Clyde. Lakini 1972 Clyde alikosana na mzee, aliyekataza Nine kumhoji Bob Hawke, kiongozi wa wafanyakazi ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu. Clyde akabeba virago. Frank alipokufa 1974, usukani ukamwangukia Kerry akiwa na miaka 36.

Vita ya kriketi

Packer alikuwa amesoma rada mapema: TV bila kitu watu wanataka kuona ni sanduku tu. 1976 alienda kwa wakubwa wa kriketi Australia na ofa ya dola milioni 1.5 kwa miaka mitatu, pesa nyingi kuliko walizokuwa wanapata kwa shirika la utangazaji la serikali. Wakamkatalia.

Manze, jamaa akaamua kuanzisha kriketi yake! Kimya kimya alisaini mastaa zaidi ya 50: Dennis Lillee, Viv Richards, Imran Khan, hadi kepteni wa Uingereza Tony Greig. Wachezaji wakati huo walikuwa wanalipwa peanuts tu, so walikubali mbio. Wakubwa wakawapiga marufuku, Packer akawapeleka kortini London na akashinda.

Mwanzo ilikuwa ngumu, viwanja vikubwa alinyimwa na viti vikabaki tupu. Lakini alileta mechi za usiku, mpira mweupe na jezi za rangi. Novemba 1978 watu zaidi ya 44,000 walijaa uwanja wa Sydney usiku. 1979 wakubwa wakasalimu amri, Nine ikapata haki za kuonyesha mechi. Hata Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 na jezi zake za rangi, ilikuwa inacheza aina ya mchezo ambao Packer aliupeleka kwa TV.

Dili ya karne

1987 Alan Bond, mdosi mwingine, aliitaka Nine kwa udi na uvumba. Packer akamwuzia kwa dola bilioni 1.05, ingawa si zote zililipwa cash. Biashara za Bond ziliporomoka kwa madeni, na 1990 Packer akarudi kuchukua stesheni yake kwa karibu robo ya bei.

Mwaka huo huo nusra aende. Akicheza polo hapo Sydney, moyo wake ulisimama dakika kadhaa. Bahati yake, ambulensi iliyofika ilikuwa na mashine ya kushtua moyo, kitu ambacho nyingi hazikuwa nacho. Alipopona, alilipa nusu ya gharama ya kuweka mashine hizo kwa ambulensi za jimbo lote, serikali ikalipa nusu ingine.

Kutoka TV hadi kasino

1994 aliunganisha Nine na majarida yake kuwa kampuni moja, Publishing and Broadcasting Limited. 1997 wakaingia intaneti na Microsoft kupitia ninemsn. 1999 wakanunua kasino ya Crown kule Melbourne. Kando, familia ilikuwa na maranchi makubwa ya ng'ombe. Si kila dili ilishika: kampuni ya simu ya One.Tel ilianguka 2001 na kumeza mamilioni yao mengi. Packer mwenyewe pia alikuwa mcheza kamari sugu, akipoteza usiku mmoja chapaa ya kununua mtaa.

Ufalme ulidumu?

Mwanawe James hakuwa na mapenzi na TV. 2006, hata mwaka haujaisha tangu buda aage, aliuza nusu ya Nine na majarida. 2007 kampuni ikagawanywa, kasino upande wake, media upande wake. Ile Nine ambayo mzee aliipigania ikatoka mikononi mwa familia.

Lakini mechi za usiku bado zinachezwa, na kule Australia kuna watu wako hai leo juu ya mashine iliyokuwa ndani ya ambulensi. Hizo hakuna mtu ameweza kuuza.