Jenerali wa Ugavi Aliyewatafutia Wavumbuzi Mtaji

Miongoni mwa majenerali wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wengi hukumbukwa kwa miji waliyoiteka. Brigedia Jenerali Georges Doriot hakuteka mji wowote. Wakati wa vita alishughulika na buti, makoti ya mvua na chakula cha mkobani. Na vita vilipokwisha alisimamia kampuni iliyowapa mtaji watu wenye ujuzi lakini wasio na mali, na kwa njia hiyo akafungua mlango ambao makampuni mengi makubwa ya kompyuta yalipitia baadaye. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani wanalijua sana jina lake. Makambini halisikiki, na hilo, kwa maoni yetu, si haki, kwani alikuwa mtu wa sare.

Doriot alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 24 Septemba 1899. Baba yake, Auguste Doriot, alikuwa fundi katika kiwanda cha Peugeot, na mwaka 1891, pamoja na mwenzake, aliendesha motokaa kutoka Paris hadi Brest na kurudi, wakati ambapo watu wengi walikuwa hawajapata hata kuiona motokaa. Kijana alikulia basi katika nyumba ambamo kitu kipya hakikuogopwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumika katika jeshi la mizinga la Ufaransa. Mwaka 1921 alivuka bahari kwenda Marekani akikusudia kusoma katika chuo cha ufundi cha MIT, lakini akajikuta katika shule ya biashara ya Harvard. Hakumaliza masomo yake ya shahada. Hata hivyo mwaka 1926 alirudi hapo hapo kama mtumishi wa chuo, kisha akawa profesa, na alifundisha mpaka mwaka 1966. Somo lake liliitwa Utengenezaji wa Bidhaa, ingawa wanafunzi waliopita mikononi mwake walieleza kwamba aliwafunza zaidi namna ya kuwa watu wa kutegemewa.

Mwaka 1940 alipata uraia wa Marekani, na haukupita muda mrefu akaingia jeshini kwa cheo cha Luteni Kanali, katika Idara ya Ugavi. Kila askari anajua, bila kuambiwa na mwandishi wa gazeti, kwamba kikosi chenye miguu iliyooza kwa unyevu hakifiki popote. Doriot alipewa kazi ya utafiti wa mambo hayo hasa: nguo zisizopitisha maji, viatu vya baridi kali, dawa za kufukuza wadudu, chakula chepesi kisichoharibika. Wanasayansi walikusanywa, na katika mji wa Lawrence, jimbo la Massachusetts, ikajengwa maabara yenye vyumba vya baridi na joto ambamo askari walivalishwa nguo mpya na kupimwa kabla nguo hizo hazijapelekwa vitani. Ilitengenezwa pia bamba ya nyuzi za kioo iliyogandishwa pamoja na plastiki, ya kumkinga mtu na vipande vya mabomu, ikapewa jina la Doron kwa heshima yake. Alipandishwa cheo akawa Brigedia Jenerali, na akatunukiwa nishani.

Kazi ile ilimwonyesha jambo moja. Katika vyuo na maabara za Marekani kulikuwa na uvumbuzi mwingi, ila serikali ndiyo iliyokuwa ikiulipia kwa sababu ya vita. Je, amani ikija, nani angeulipia?

Si benki. Askari akienda benki kuomba mkopo wa kujenga nyumba, huulizwa mshahara wake ni kiasi gani na ana mali gani ya kuweka rehani. Mvumbuzi hana mshahara wala kiwanja. Ana michoro tu, na pengine mashine moja iliyofungwa kwa waya mezani. Benki haina kosa kumkatalia. Benki hupata riba ndogo tu mambo yakienda vizuri, na yakienda vibaya hupoteza mkopo wote. Na fedha zenyewe ni za watu walioziweka. Kabla ya hapo, mvumbuzi wa namna hiyo alilazimika kubisha hodi kwa ukoo tajiri, kama ule wa Rockefeller, na kungoja hisani.

Mwaka 1946, mjini Boston, watu kadhaa mashuhuri, wakiwamo Ralph Flanders, aliyekuwa mkuu wa Benki ya Akiba ya Serikali ya Boston, na Karl Compton, mkuu wa chuo cha MIT, waliunda kampuni iliyoitwa American Research and Development, kwa kifupi ARD. Flanders alipochaguliwa kuwa seneta, uongozi ukamwangukia Doriot. Kampuni iliuza hisa zake kwa mtu yeyote aliyetaka kununua, ikakusanya dola milioni 3.5 hivi. Fedha hizo haikuzikopesha. Ilizitia katika kampuni changa na kupewa hisa, yaani sehemu ya umilikaji. Kampuni changa ikifa, ARD ilipoteza fedha zake na hakuna aliyedaiwa. Ikistawi, ARD ilistawi pamoja nayo. Ushauri ulikwenda pamoja na fedha, kwani Doriot na wasaidizi wake walikaa katika halmashauri za wakurugenzi, wakatafuta mameneja, na mara nyingine wakawatuliza waanzilishi waliogombana. Alipopima maombi alimtazama kwanza mtu, kisha uvumbuzi wake.

Miongoni mwa fedha za mwanzo zilikuwa dola 200,000 walizopewa wataalamu wa kampuni ya High Voltage Engineering, waliotengeneza mashine za umeme wa nguvu nyingi zilizotumika pia katika kutibu saratani. Ilipofika mwaka 1955 hisa hizo zilikuwa na thamani ya dola milioni 1.8. Kampuni nyingine zilikufa. Kwa miaka mingi hisa za ARD zilidharauliwa sokoni, na wenye hisa walinung'unika, maana mche hauzai matunda katika msimu mmoja, na aliyenunua hisa Jumatatu hutaka faida Ijumaa.

Ndipo mwaka 1957 wakaja wahandisi wawili, Kenneth Olsen na Harlan Anderson, kutoka maabara ya MIT. Walitaka kutengeneza kompyuta ndogo. Watu wa ARD waliwashauri wasilitaje neno kompyuta mbele ya wakurugenzi, kwa kuwa makampuni makubwa wakati huo yalikuwa yakipata hasara kwa mashine hizo. Hivyo kampuni ikaitwa Digital Equipment. ARD ilitoa dola 70,000 na kupata asilimia 70 ya hisa. Mtu anaweza kusema kwamba waanzilishi waliminywa. Lakini hakukuwa na mwingine aliyekuwa tayari kuwapa, nao walianza katika kinu cha zamani cha sufu katika mji wa Maynard, wakiuza vipande vya mitambo kwanza ili wapate njia, na kompyuta yao ya kwanza ikatoka baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sehemu ya ARD katika kampuni hiyo ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 350. Kampuni moja ilikuwa imelipa hasara za nyingine zote na kubakiza utajiri.

Hapo ndipo ulipo uchungu wa maisha ya Jenerali huyu. Kwa kuwa ARD iliuza hisa kwa umma, sheria ya mwaka 1940 ya makampuni ya uwekezaji iliibana, na wakaguzi wa serikali hawakuruhusu watumishi wake wapewe haki ya kununua hisa katika kampuni walizozilea. Afisa mmoja alishughulika na kampuni changa mpaka mkuu wake akawa na mali ya dola milioni 10; yeye mwenyewe akaongezewa mshahara dola 2,000. Doriot aliandika barua nyingi kwa wakuu wa serikali akilalamika, bila mafanikio. Kwa upande wake pia hakuwa mwepesi wa kuachia madaraka, na umri ulipomjia hakuwa na mrithi aliyekubalika. Watu wake hodari wakaanza kuondoka. Mmoja wao, William Elfers, alianzisha kampuni ya Greylock mwaka 1965 kwa utaratibu tofauti.

Utaratibu huo ndio unaotumika mpaka leo. Hakuna hisa zinazouzwa kwa umma. Wenye fedha wachache, kama vyuo vikuu, mifuko ya pensheni na matajiri, hutia ahadi zao katika fungu moja ambalo kwa kawaida hudumu miaka 10 hivi. Wabia waendeshaji huchagua kampuni changa, hukaa katika halmashauri zake, na mwishoni huuza hisa, ama kwa umma ama kwa kampuni kubwa. Mara nyingi huchukua asilimia 2 hivi kwa mwaka kwa gharama, na asilimia 20 ya faida. Kwa hiyo aliyekesha na kampuni changa hula naye, na mwenye fedha hawezi kuzidai kabla ya wakati. Thomas Perkins, aliyekuwa mwanafunzi wa Doriot, alitumia njia hiyo huko California alipoanzisha kampuni pamoja na Eugene Kleiner mwaka 1972.

Mwaka huo huo wa 1972 ARD iliunganishwa na kampuni ya Textron, na enzi yake ikaisha. Doriot hakukaa bure. Tangu mwaka 1957 alikuwa amesaidia kuanzisha shule ya biashara ya INSEAD huko Fontainebleau, katika nchi aliyozaliwa, na pamoja na mkewe Edna walihudumia maktaba ya Kifaransa mjini Boston. Mkewe alifariki mwaka 1978. Yeye alifariki Boston mwezi Juni 1987, akiwa na umri wa miaka 87, kwa ugonjwa wa saratani ya mapafu.

Jeshi halikumsahau. Katika kituo cha utafiti cha Natick, Massachusetts, vyumba vya baridi na joto ambamo mavazi ya askari hupimwa vina jina la Doriot.