Robert Bárány: Alipewa Nobel akiwa mateka wa vita, aliporudi nyumbani wenzake wakamgeuka

Mwaka 1915, daktari mmoja wa masikio alikuwa mateka wa vita mikononi mwa Urusi pale habari ilipomfikia: ameshinda Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1914.

Jina lake Robert Bárány. Alizaliwa Vienna, Austria, 22 Aprili 1876. Utotoni aliugua kifua kikuu cha mifupa, goti lake moja likakakamaa. Hata hivyo alicheza tenisi na kupanda milima.

Kilichompa umaarufu kilianza na malalamiko ya wagonjwa. Katika kliniki ya masikio ya Vienna, Bárány alikuwa akiwaosha wagonjwa masikio kwa maji. Baadhi yao walishikwa na kizunguzungu, macho yakawa yanacheza yenyewe. Mmoja akalalamika kwamba maji ni ya baridi. Safari iliyofuata akawekewa ya moto sana. Kizunguzungu kikarudi palepale, ila sasa macho yakacheza kuelekea upande mwingine!

Daktari mwingine angeomba radhi na kuendelea na kazi. Bárány alijiuliza kwa nini.

Jibu ni kama maji ya sufuria jikoni: yakipata moto hupanda, yakipoa hushuka. Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, inayoueleza ubongo kichwa kinageukia wapi. Maji ya moto au baridi yakiingia sikioni, majimaji hayo hutembea. Ubongo unadanganyika kwamba kichwa kinazunguka, unayaamuru macho yafuate.

Basi hapo kikapatikana kipimo. Maji yakiingia na macho yasitikisike, kuna hitilafu mahali fulani kati ya sikio na ubongo. Hadi leo madaktari hukitumia kwa watu wenye kizunguzungu, na hata kwa mgonjwa mahututi asiyejitambua, kujua kama shina la ubongo wake bado linafanya kazi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alijitolea kuwa daktari wa jeshi la Austria. Ngome ya Przemyśl ilipoanguka mwaka 1915, Warusi wakamchukua. Mwanamfalme Carl wa Sweden, kupitia Msalaba Mwekundu, ndiye aliyemwombea, na mwaka 1916 akaachiwa na kwenda Stockholm kupokea tuzo yake.

Alirudi Vienna akitegemea kupongezwa. Kumbe wenzake walikuwa wanamlaumu kwamba hakuwataja ipasavyo wengine waliomtangulia. Kweli, kuna waliokuwa wameshaona maji ya sikioni yakileta kizunguzungu, lakini yeye ndiye aliyeeleza sababu na kuigeuza kuwa kipimo.

Mwaka 1917 akahamia Sweden, akafundisha Chuo Kikuu cha Uppsala. Alifariki mjini humo 8 Aprili 1936, zikiwa zimebaki wiki mbili tu atimize miaka 60.