Mwalimu Hakuona Haya Kukiri Kosa

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Mhariri amenitaka niandike juu ya kiongozi aliyekwisha fariki, awe mfano kwa vijana. Nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Sifa zake mmezisikia nyingi. Mimi nitasimulia makosa yake, maana hapo ndipo nilipojifunza.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu hadi 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikajitawala.

Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Serikali changa ikayumba. Mwalimu akalazimika kuomba majeshi ya Uingereza, yaani watawala walewale tulioagana nao miaka miwili tu nyuma. Hakulifunika jambo hilo. Alikiri kuwa ni aibu kwa taifa, kisha Februari akawaita Dar es Salaam mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akawaeleza yaliyompata. Askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza. Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.

Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka 10, aliandika tathmini yake mwenyewe. Alitaja mafanikio ya elimu, afya na maji, lakini akakiri waziwazi kwamba nchi haikuwa bado ya kijamaa wala haikujitegemea. Mwaka 1984 akakiri tena kuwa kuvunja serikali za mitaa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, lilikuwa kosa. Kukiri hakukuwarudishia wakulima hasara yao, la hasha. Lakini kuliwafundisha waliomfuata mahali pa kuanzia kutengeneza. Aling'atuka Novemba 1985, na alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, hata waliompinga walimlilia.

Tathmini ile ya 1977 niliisoma nikiwa kidato cha tatu, katika somo la siasa. Nilikuwa pia kiranja wa stoo. Siku zilezile gunia la sukari liliibwa kwa sababu niliacha stoo bila kufuli usiku. Mpishi wetu, mzee mwenye watoto, alilaumiwa akakatwa mshahara. Nami nilinyamaza. Juma hilohilo niliandika insha juu ya ukweli wa viongozi, nikapata alama za juu darasani.

Mzee yule amekwisha fariki, na hapana wa kumwomba radhi tena. Kwa hiyo naungama mbele yenu, nikijua nimechelewa.

Ninyi viranja wa leo, kosa likitokea mikononi mwenu, semeni siku hiyohiyo. Msingoje zaidi ya miaka arobaini kama mimi.

Nawatakia mkutano mwema.