Moïse Tshombe na majandarme wake: jeshi lililoishi kuliko mwenye kuliunda

LUBUMBASHI – Sanamu ya Moïse Kapenda Tshombe imesimama katikati ya mji, kwenye uwanja wa posta, lakini mwili wake hauko Katanga wala hauko Kongo. Umezikwa Etterbeek, Bruxelles. Alikufa Algeria tarehe 29 Juni 1969, akiwa mfungwa, na umri wa miaka 49. Mpaka leo watu wanabishana juu yake. Kwa wengine ni baba wa Katanga, kwa wengine ni mtu aliyegawanya nchi na kumtoa Lumumba auawe. Katika mabishano hayo husahauliwa mara nyingi kitu alichokiacha nyuma, ambacho kiliendelea kutikisa Kongo miaka karibu thelathini baada ya yeye kufa. Kitu hicho ni majandarme wa Katanga.

Yeye mwenyewe hakuwa askari. Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 huko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Baba yake, Joseph Kapenda, alikuwa mmoja wa watu weusi wachache wa jimbo waliokuwa na maduka na mashamba yao wenyewe wakati wa Wabelgiji. Moïse alisoma kwa wamisionari Wamethodisti, akajifunza kazi ya uhasibu, akamwoa Ruth, binti wa Mwant Yav. Biashara aliyoachiwa na baba ilimshinda zaidi ya mara moja. Siasa ilimfaa zaidi.

Uchaguzi wa komini wa Disemba 1957 uliwapa ushindi mkubwa watu waliotoka nje ya jimbo, hasa Kasai. Wenyeji wakaona kwamba mji wa Élisabethville, kama ulivyoitwa wakati ule, unawatoka mikononi. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha Conakat, na Tshombe akawa kiongozi wake, pamoja na Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke. Baada ya uchaguzi wa 1960, Tshombe akawa rais wa serikali ya jimbo.

Kilichofuata hakieleweki bila kuijua Force Publique. Jeshi hilo la koloni, lililoanza zama za Léopold II, lilikuwa na askari karibu 25,000, na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, halikuwa na ofisa hata mmoja Mkongomani. Watu waliopigana Tabora mwaka 1916 na Saio mwaka 1941 walikuwa wameishia cheo cha ajida. Tena Wabelgiji walikuwa na desturi ya kumpeleka askari mbali na kwao, ili asione haya kumpiga mtu asiye ndugu yake. Kwa hiyo wengi wa askari waliokaa kambi Massart, Élisabethville, hawakuwa watu wa Katanga.

Tarehe 5 Julai askari waliasi Thysville na Léopoldville. Tarehe 9 usiku moto ukafika kambi Massart, Wazungu kadhaa wakauawa mjini. Kesho yake askari wa Ubelgiji waliingia, wakazima uasi ule. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni nchi huru. Siku moja baadaye, ndege iliyowabeba Kasa-Vubu na Lumumba ilikatazwa kutua Luano.

Askari waliotoka majimbo mengine walinyang'anywa silaha na kurudishwa makwao. Mahali pao pakaundwa Gendarmerie ya Katanga. Aliyeipanga alikuwa Meja Crèvecoeur, Mbelgiji. Vijana waliandikishwa kwa Walunda, Wayeke na makabila mengine yaliyokuwa upande wa Conakat, na Norbert Muke, aliyekuwa ajida tu wakati wa koloni, akapanda hadi jenerali. Mshahara ulitoka kwenye kodi za Union Minière, ambazo sasa zililipwa Élisabethville badala ya Léopoldville. Pesa hizohizo zililipa mamluki na ndege za vita. Jeshi likazidi watu 10,000. Lakini amri, siku nyingi, ilikuwa mikononi mwa Wazungu.

Kazi yake ya kwanza haikuwa kulinda mpaka. Ilikuwa kupigana na Wakatanga wenzao. Kaskazini, Waluba wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe walikataa kujitenga, na majandarme pamoja na mamluki walichoma vijiji upande wa Manono na Bukama. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waluba, walikimbilia kambi ya wakimbizi pembeni ya Élisabethville, chini ya ulinzi wa ONU. Wale wanaomkumbuka Tshombe kama mtetezi wa wenyeji hupita haraka sana juu ya jambo hili.

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Mpolo na Okito waliletwa Luano kwa ndege, wakapigwa, na usiku uleule wakapigwa risasi. Waliofyatua walikuwa askari na polisi wa Katanga, chini ya amri ya ofisa Mbelgiji. Tume ya bunge la Ubelgiji, iliyotoa ripoti yake mwaka 2001, ilieleza kwamba wakubwa wa serikali ya Katanga walikuwepo mahali pale. Tangu usiku ule Tshombe hakuweza tena kujisafisha mbele ya Afrika.

Mapigano na ONU yalianza Septemba 1961, yakarudi Disemba, yakarudi tena mwisho wa 1962. Jadotville, ambayo leo ni Likasi, iliingiwa na askari wa ONU tarehe 3 Januari 1963. Tarehe 14 Tshombe alikubali kwamba kujitenga kumekwisha, na tarehe 21 ONU ikafika Kolwezi. Maelfu ya majandarme hawakusalimisha bunduki. Wengine walirudi vijijini, wengine wakavuka kwenda Angola kwa Wareno, wakangoja.

Hawakungoja sana. Julai 1964 Kasa-Vubu alimwita Tshombe kutoka Ulaya awe waziri mkuu wa Kongo yote, kwa sababu Wasimba walikuwa wameshika karibu nusu ya nchi. Naye akawaita majandarme wake. Watu waliopigana kuivunja Kongo wakapigana sasa kuiunganisha, bega kwa bega na mamluki walewale. Stanleyville ikachukuliwa tarehe 24 Novemba 1964. Oktoba 1965 Kasa-Vubu akamfukuza kazi, na mwezi uliofuata Mobutu akamwondoa Kasa-Vubu mwenyewe.

Tshombe akakimbilia Hispania. Mobutu hakumwogopa kwa sababu ya maneno yake. Alimwogopa kwa sababu jeshi lake lilikuwa bado ndani ya jeshi la taifa. Julai 1966 majandarme waliasi Kisangani. Machi 1967 Tshombe alihukumiwa kufa bila yeye kuwepo. Tarehe 30 Juni mwaka huo ndege aliyopanda karibu na visiwa vya Hispania ilitekwa nyara, ikapelekwa Algiers, akafungwa.

Siku tano baadaye mamluki Jean Schramme na majandarme waliasi tena Kisangani, kisha wakashika Bukavu tangu Agosti hadi mwanzo wa Novemba 1967. Wenyeji wengi walikimbia, na mji ulipokombolewa ulikuwa umeharibika vibaya. Waasi walivuka Ruzizi kuingia Rwanda. Mamluki Wazungu walirudishwa Ulaya mwaka 1968. Majandarme walirudishwa Kongo kwa ahadi ya msamaha, na wengi wao hawakuonekana tena.

Algeria haikumtoa Tshombe kwa Mobutu, lakini haikumwachilia pia. Madaktari wa huko walisema ni moyo uliosimama. Familia na wafuasi wengi hawakuamini.

Kundi lililobaki Angola, chini ya Nathaniel Mbumba, lilikuwa limeunda chama chake, FLNC, mwaka mmoja kabla ya kifo hicho. Liliingia Shaba mwaka 1977 na tena Mei 1978, liliposhika Kolwezi mpaka askari wa Ufaransa waliposhuka kwa miavuli. Aprili 1997, AFDL ilipoichukua Lubumbashi, miongoni mwa walioingia walikuwemo wale walioitwa Tigres. Baadhi yao walizaliwa Angola, wanasema Kireno, na Tshombe walimjua kwa kusimuliwa tu na baba zao.