Kiziwi Aliyepima Nguvu ya Hewa

Watoto wa milima ya Masisi wameona jambo hili: mpira ukilala nje usiku, asubuhi ya baridi unakuwa mlegevu, jua likiupiga, unakuwa mgumu tena. Na watoto wa Walikale wameona kinga yenye mzigo wa mafuta ya ngazi: ikisimama juani, mipira ya magurudumu yake inakazana. Hakuna mtu aliyeongeza hewa. Ni nini basi?

Mtu aliyepima jambo hilo ni Guillaume Amontons. Alizaliwa Paris, katika Ufaransa, mwaka 1663. Alipokuwa bado mwanafunzi masikio yake yaliziba, akawa kiziwi. Lakini hakukata tamaa. Alijifunza hesabu, kuchora na kujenga, akatengeneza vyombo vya kupimia joto na hewa.

Alichukua tufe la kioo lenye hewa ndani, akaliunganisha na mrija uliopindwa wenye zebaki. Alilitia tufe katika maji baridi, kisha katika maji yanayochemka. Hewa ilipopata joto ilitaka kutanuka. Amontons akaongeza zebaki, akaizuia isipate nafasi zaidi. Hivyo zebaki ile ilimwonyesha hewa inasukuma kwa nguvu gani. Mwaka 1702 aliwaeleza wajuzi wenzake wa Paris: hewa iliyofungwa, toka maji ni baridi hata yachemke, nguvu yake inazidi kadiri ya theluthi moja.

Akafikiri zaidi. Ikiwa hewa inapungua nguvu kadiri baridi inavyozidi, lazima baridi iwe na mwisho wake, pale hewa isiposukuma tena. Leo tunaujua mwisho huo: ni digrii 273 chini ya sifuri.

Amontons alikufa mwaka 1705, akiwa na miaka 42. Vitabu vingi vya shule vinaiita kanuni hiyo kwa jina la Gay-Lussac, Mfaransa aliyefanya kazi yake miaka mia baadaye. Lakini kiziwi yule alimtangulia.

Basi, watoto, msitupe kamwe motoni mkebe uliofungwa: hewa yake itaupasua na kuwaumiza. Na akiwapo kiziwi shuleni mwenu, msimcheke. Mungu amempa akili kama ninyi. Mpisheni akae mbele, auone ubao vizuri.

Maswali
1. Kwa nini mpira ni mlegevu asubuhi?
2. Amontons aliongeza zebaki kwa sababu gani?